Mama wa Mkoba kwenye Ukuta Mweupe

Niseme ujinga wangu kwanza, kusudi ukiendelea kusoma ujue uko na mtu wa namna gani: siku moja kabla ya wakwe kuja kumposa dada yangu Asha, nilichukua kaa lililozimika jikoni nikachora ukuta mzima wa saloni ya mama, yaani chumba chetu cha wageni. Si kona. Si nyuma ya kabati. Ukuta mzima, ule unaotazamana na mlango, ukuta ambao mama alikuwa ameupaka pemba kwa siku mbili, akichota ule udongo mweupe kwenye beseni na kuusugua kwa kitambaa mpaka saloni ile ya nyumba yetu ya Alunguli, hapa Kindu kando ya mto Lualaba, ikang'aa kama jino jipya kwenye mdomo wa mzee. Nilichora mlango usio na kitasa, ngazi, mbwa, chungu, kiti kilichopinduliwa, kibuyu, ndege, na mwisho nyayo za mtu. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tatu, nikafurahi. Hilo njo, yaani ndilo, lilikuwa kosa la pili, kufurahi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu wiki iliyopita Asha alipiga simu kutoka Pangi. Mtandao wa kule unatoa neno moja na kumeza mawili, kwa hiyo nilisikia "Mzee Katambwe", kisha upepo, kisha "jana tumemzika". Mzee Katambwe alikuwa baba mkubwa wa shemeji yetu, msemaji wa ukoo wao, mtu mwenye sauti ya kuiamuru hata mvua. Mama alikaa chini. Akamwombea marehemu, akafuta macho kwa pindo la kitenge, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama ukuta. Mimi nilitazama dari. Sasa nina miaka kumi na saba, niko darasa la sita la sekondari, na najua vizuri kwamba mwanafunzi mwenye mtihani wa Serikali mbele yake hana ruhusa ya kuandika kumbukumbu za maisha, kwa kuwa maisha yenyewe bado hajayaanza. Lakini mwaka ule nilipokuwa na kumi na minne ulikuwa mrefu kuliko mingine yote. Na pia hesabu za kesho sijazielewa.

Mwaka ule vita vilikuwa Kivu, mbali na sisi, lakini habari zake zilikuwa zinalala kwetu. Zilifika kwa redio, kwa simu, kwa madereva wa pikipiki wenye vumbi mpaka kwenye meno, na kila aliyeleta habari alivisogeza vita karibu kidogo kuliko aliyemtangulia. Asubuhi moja kisimani niliwasikia wamama wawili wakivisogeza hadi miguuni petu. "Wanasema wamefika Shabunda," alisema wa kwanza. "Shabunda gani? Mi nasikia walishapita." "Basi wako hapa kisimani." "Kama wako hapa, wapange foleni na ndoo yao kama watu wote." Watu walicheka, lakini walicheka huku wakifunga mizigo. Mama yangu hakufunga mzigo. Yeye aliharakisha ndoa. Kulikuwa na kijana mmoja, Kito, muuguzi wa Pangi, aliyekuwa akimwandikia Asha ujumbe kwa miezi mingi kwa Kifaransa kirefu ambacho Asha aliniletea nimsomee, na mimi nilikuwa naongeza maneno yangu. Mama alisema waje, waje upesi. Nilimsikia akimweleza mdogo wake, Mujomba Ramazani, wakiwa uani wanachambua mchele: "Musichana mwenye bwana akikimbia, anakimbia na ukoo mbili. Asiye na bwana anakimbia na mama yake. Na mama yake iko na magoti mabaya."  Mujomba alitupa kijiwe cha mchele kwa kuku, kuku akakimeza, akajuta.

Ndani ya harakati hizo njo alifika Yaya Riziki, yaani dada mkubwa Riziki, binti wa mama mdogo, kutoka Kivu, nusu ya njia kwa pikipiki na nusu kwa miguu, na gunia dogo la mchele kichwani. Mama alifurahi kumwona, na kwa kuwa si muongo, akafurahi pia kuona mchele. Lakini katikati ya mchele kulikuwa kumezikwa mashini, kompyuta nyembamba ya kijivu, imefungwa ndani ya blauzi mbili ili watu wa vizuizi vya barabarani wasiisikie hata wakilitikisa gunia. Tulikula mchele ule siku nne, na kila siku mama alipokuwa akipepeta alimuuliza Riziki kama hakuna na televisheni humo ndani, amwambie mapema asivunje ungo. Riziki alikuwa na miaka ishirini. Alisoma mambo ya kuchora kwa kompyuta, akafika mwaka wa pili, shule ikafungwa. Alipewa kitanda cha Asha, Asha akapewa kitanda changu, mimi nikapewa mkeka wa saloni, chini ya ule ukuta. Kwa hiyo ukifikiri vizuri, chanzo cha yote ni mpango wa vitanda.

Mchana mmoja nilimkuta amekaa kwenye mkeka wangu, mashini magotini, uso umemulikwa rangi ya chungwa. Vijana wa Alunguli tulikuwa tunajua michezo ya kompyuta. Tulikuwa na kibanda cha filamu chenye michezo miwili, mmoja wa mpira na mmoja wa kuuana, na mimi nilikuwa nacheza vizuri sana kwa mdomo.

"Iko na mpira?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Iko na vita?"

Hakuinua kichwa. "Risasi nimesikia za bure, Saidi. Siwezi kumaliza batri nisikie zingine."

"Basi nani anakufa?"

"Hakuna anayekufa."

"Hata mumoja? Huu ni muchezo wa padri?"

"Kaa chini, funga mdomo, angalia huyu mama."

Nikakaa. Mdomo sikuufunga, lakini ulibaki wazi bila kutoa sauti, jambo ambalo nyumbani kwetu lilikuwa halijaonekana. Kwenye kioo kulikuwa na mama mmoja mdogo kama punje ya haragi, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, anatembea ndani ya nyumba iliyojengwa juu ya miti mitatu. Kila kitu kilichorwa kwa mkono, kwa rangi za maji, zile zinazoachwa zitiririke kidogo nje ya mstari kama chai iliyomwagika kwa bahati nzuri. Ukigusa pazia, linapumua. Ukigusa sufuria, paka anatoka. Hakuna neno hata moja, si la Kifaransa wala la Kiingereza, kwa hiyo hakuna aliyekuzidi kwa shule. Riziki alinieleza kwamba mvua ya kijiji cha yule mama ilipotea, naye ametoka kuitafuta, na kila chumba kina fumbo lake: ufungue sanduku, uamshe saa, umshawishi bundi akupe ufunguo. Nikauliza nani ametengeneza. Akanionyesha ukurasa wa mwisho wa majina. Kulikuwa na watu wawili, na chini yao picha ya paka yule yule wa sufuria, ameshukuriwa. Watu wawili na paka! Mchezo wa mpira wa kule kibandani ulitengenezwa na watu wengi kuliko wakazi wa Alunguli, na bado mchezaji akikimbia anapita ndani ya refa.

Riziki alikuwa nayo mingine ya namna hiyo, michezo midogo ambayo hakuna mtu kibandani aliyewahi kuisikia. Kwao wanafunzi walikuwa wakipeana kwa flashi, mkono kwa mkono, kama watu wanavyopeana mbegu. Kulikuwa na konokono wa udongo aliyebeba mnara mgongoni na kupaswa kuupitisha kwenye malango membamba. Kulikuwa na mtu wa karatasi aliyejikunja akawa daraja, akajikunja akawa mtumbwi, na siku tuliyommaliza akajikunja akawa barua, akajituma. Asha alilia kwa sababu ya karatasi. Mimi nilisema nina mchanga jichoni. Lakini wa Mama wa Mkoba njo ulitukamata wote, na sasa ninapofikiri naona ulinifanyia kitu ambacho walimu walikuwa wameshindwa: nilianza kuangalia. Nikivuka mto kwenda ng'ambo ya stesheni, nilikuwa naona kutu ya mabehewa ina rangi saba. Niliona maji ya Lualaba kando ya mtumbwi si ya kahawia tu, yana zambarau ndani, na nikamwambia mpiga kasia, naye akaniambia nikae katikati nisije nikaanguka na zambarau yangu.

Umeme ulikuwa wa jirani. Alikuwa na pano ya jua juu ya bati, na akaturuhusu kuchomeka mashini mchana, kwa sharti kwamba kuku wake wakiingia kwetu warudi wote na idadi yao. Hiyo ilitupa kama saa moja ya kucheza kila alasiri. Saa moja, watu watatu, na mama anapita na fagio akisema "huyu mama naye, haonaki nyumba yake imejaa vumbi?" kisha anasimama kidogo, fagio mkononi, aone kama bundi ametoa ufunguo.

Kisha tukakwama. Wiki tatu nzima tulisimama mbele ya mlango mmoja usio na kitasa. Pembeni mwake kulikuwa na vitufe vinane, na katika vyumba vinane tofauti tulikuwa tumeona michoro minane ya kulingana navyo: ngazi, mbwa anayeonyesha meno, chungu kilichofunikwa, kiti kilichopinduliwa, kibuyu, ndege anayetazama nyuma, nyayo, na mlango wenyewe. Ilikuwa lazima tuvibonyeze kwa mpangilio wake. Tukikosea, nyumba nzima ilikohoa. Nimewahi kukoholewa na walimu, lakini kukoholewa na nyumba ni dharau nyingine. Riziki alisema, "Tungeichora yote pamoja, mahali pamoja, pengine macho yangeona." Ushauri mzuri. Ila daftari langu la kuchorea lilikuwa ofisini kwa mkuu wa nidhamu, kwa sababu nilimchora mkuu wa nidhamu. Jumamosi hiyo mama alivuka mto kwenda sokoni kutafuta samaki wa wakwe. Asha alikuwa anasukwa nywele. Riziki alikuwa kisimani. Nikabaki mimi, kaa, na ukuta mweupe mkubwa kuliko daftari zote za shule yetu. Nikajiambia: nachora, natazama, napata jibu, nafuta. Nilichora. Nilitazama. Jibu halikuja. Nikachukua kitambaa chenye maji nifute, na hapo njo nilijifunza juu ya pemba jambo ambalo kila mtoto wa kike wa mkoa wetu wa Maniema analijua: ukiisugua na maji, haifutiki, inakubali. Kaa liliingia ndani ya udongo likatulia kama mgeni aliyeletewa kitanda.

Nikatundika juu yake kitenge cha mama, kile kikubwa cha rangi ya dhahabu, yadi sita bado hazijakatwa, kwa misumari minne. Mama aliporudi na kapu la samaki alisimama mlangoni.

"Hii nini?"

"Mapambo, mama. Kwa watu wakubwa njo wanafanyaka hivi."

Alinitazama muda mrefu, samaki wakidondosha maji juu ya miguu yake. "Saidi," akasema, "leo ya kwanza unafikiria nyumba." Akanipa sambusa nzima. Niliila. Sina la kujitetea, ilikuwa tamu.

Wakwe walifika Jumapili kabla ya adhuhuri, watu saba, na mbuzi mweusi ambaye walimfunga kwenye nguzo ya jiko, naye akaanza kula kamba. Mbele yao alitembea Mzee Katambwe, mrefu, koti la rangi ya majani makavu, fimbo mkononi. Kito alikaa mwisho kwenye benchi na kunyamaza, kwani mwenye kuoa siku hiyo haruhusiwi kusema. Wanasema wazee, yeye anatoka jasho. Kwa upande wetu alisema Mujomba Ramazani, aliyevaa tai ya kuazima na kuweka Kifaransa kila palipobaki nafasi. Chakula kilikuwa tayari, wali, sombe, yaani kisamvu, ya mawese, samaki, kuku wawili, vyote vimefunikwa juu ya meza ya pembeni, kwa sababu kabla ya makubaliano hakuna mfuniko unaoinuliwa. Harufu ilikuwa inafanya mazungumzo yake yenyewe. Mimi na Riziki tulikuwa mlango wa jikoni, tumeshika sinia. Maneno yalikwenda vizuri sana. Mzee Katambwe alisema wameona ua ndani ya ua wetu. Mujomba akasema ua letu lina mizizi mirefu. Mzee akacheka kwa tumbo. Kisha akaomba kumwona binti.

Desturi ni kwamba binti akitoka chumbani siku hiyo, mguu wake usikanyage udongo. Wamama wanamtandikia vitenge, kimoja baada ya kingine, mpaka mbele ya wageni. Vigelegele vikaanza, Asha akatoka amepakwa mafuta anang'aa, macho chini, akakanyaga cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Na hapo vikaisha. Zilibaki hatua mbili. Asha alisimama na mguu mmoja juu kama korongo, vigelegele vikapungua, na mama, aliyekuwa na haraka ya mwaka mzima mikononi, akageuka, akaona kitenge cha dhahabu ukutani, akakivuta. Misumari minne ikatoka kwa pamoja. Sauti yake bado ninaisikia nikila sambusa.

Vigelegele vikakatika. Hata mbuzi aliacha kutafuna. Ukuta wote ulikuwa wazi, mweupe na mweusi, michoro mikubwa kama watoto wa miaka sita, na kwa kuwa nilikuwa nimeisugua, kila mmoja ulikuwa na kivuli cha kijivu kama unatoka moshi. Mama alishika kitenge kifuani. Asha bado alikuwa kwenye mguu mmoja. Mzee Katambwe akainuka, akatembea polepole mpaka ukutani. Hapa lazima nikueleze jambo moja juu ya wazee wa Kilega wa kule Pangi. Kwao methali haisemwi tu, inafungwa. Wana kamba ndefu ambayo wanatundika vitu, unyoya, ganda, kipande cha mti, kila kitu ni methali moja, na mzee anapita kitu kwa kitu na kusoma kama wewe unavyosoma barua. Mzee Katambwe alikulia chini ya kamba hizo. Hakuona michoro ya mtoto mpumbavu. Aliona barua, imeandikwa kwa lugha yake, imefichwa nyuma ya kitenge, na kufunuliwa mbele yake na mama mzaa binti.

Akainua fimbo, akasoma kuanzia kushoto, jinsi nilivyopanga. "Mulango hauna kitasa. Hatuna pa kushika. Ngazi: tumejipandisha kwa watu wa juu yetu. Mbwa anaonyesha meno. Sawa. Chungu kimefunikwa, na kweli kimefunikwa, nakisikia harufu. Kiti kimepinduliwa, hatuna pa kukaa. Kibuyu, maji hatukupewa." Riziki aliangalia sinia la glasi za maji mikononi mwangu. Nilikuwa nimesahau kuyagawa. "Ndege anatazama nyuma, yaani binti moyo wake uko kwa mwingine. Na mwisho, nyayo." Nyayo nilizichora zinaelekea mlango wa kutokea. Mzee alizifuata kwa fimbo mpaka zilipoishia. "Mama, ungetuambia tu kwa simu. Mbuzi asingetembea bure."

"Mais non! Hapana!" alipiga kelele Mujomba. "Mzee, c'est... hii ni décoration, mapambo!"

"Décoration iko na meno?"

Wenzake wote wakasimama. Kijana mmoja akatoka kwenda kumfungua mbuzi, ambaye alikuwa amekwisha kuikata kamba mwenyewe. Kito alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga, na machozi yakamtoka, mtu mzima, muuguzi. Asha akashusha mguu wake, akakanyaga udongo. Nilikuwa nimemjua Asha maisha yangu yote, nilikuwa nimemwona na homa, na hasira, na kipigo, lakini uso ule sijauona tena. Haukunilaumu. Ulikuwa uso wa mtu ambaye tayari anajifunza kuzoea. Hiyo njo ilinisukuma, maana kwa ujasiri wangu mwenyewe ningekuwa hadi leo nimejificha nyuma ya sinia.

"Ni mimi," nikasema. Niliweka sinia chini. "Mzee, ukuta nimechora mimi."

Akageuka. "Wewe uko na miaka ngapi?"

"Kumi na ine."

"Nani alikufundisha vitu hivi?"

Ningeweza kusema Riziki. Ningeweza kusema mchezo. Nikasema, "Mashini," na nikaona watu wawili wakirudi nyuma.

Riziki alikwisha kwenda chumbani. Alirudi na kompyuta, akapiga goti mbele ya Mzee Katambwe, akaiweka juu ya kile kiti chake kilichokuwa kimeachwa wazi. Batri ilikuwa ya dakika chache. Mlango usio na kitasa ukatokea, na vitufe vinane, na mama mdogo kama haragi amesimama mbele yake, mkoba chini, anasubiri, kama alivyotusubiri wiki tatu.

Mzee aliinama. Alitazama kioo, akatazama ukuta, akatazama kioo. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Huyu mama iko anatafuta nini?"

"Mvua ya kwao, mzee," alisema Riziki. "Ilipotea, akatoka."

"Anatoka mbali?"

"Mbali."

"Kwa miguu?"

"Nusu kwa miguu."

Mzee akamtazama Riziki, si kioo. Kisha akakaa chini kwenye mkeka wangu, na magoti yake yakalia kama mlango. "Na ninyi munaanza na nini?"

"Mlango," nikasema. "Kwa sababu tunataka aingie."

"Njo maana haufunguki. Muko na adabu gani? Muntu ametoka mbali, unamuanzia na mulango?" Akanyoosha kidole kirefu. "Kwanza anatembea. Nyayo. Nani anamusikia wa kwanza? Mbwa. Mbwa akinyamaza, unamupa kiti. Amekaa, maji. Amekunywa, chungu. Hapo sasa, akishiba, unamuuliza habari za nyuma alikotoka." Akagusa ndege. "Kisha ngazi, apande alale. Asubuhi njo atakuonyesha yeye mwenyewe mulango unafungukia wapi." Riziki alikuwa akibonyeza kila neno lilipotoka. Alipobonyeza mlango, wa mwisho, tukangoja kile kikohozi.

Nyumba haikukohoa. Mbwa alifunga mdomo, akatikisa mkia. Kiti kikajipindua kikasimama. Mfuniko wa chungu ukainuka, mvuke ukatoka, wa rangi ya waridi, ukapanda mpaka dari, na dari ikafunguka kama ganda la karanga. Nyuma ya mlango kulikuwa na bonde zima la buluu, buluu aina kumi na mbili moja juu ya nyingine, na juu yake wingu moja dogo limekaa kwenye tawi kama kuku anayeatamia. Sijui ni mama gani aliyeanza. Vigelegele vilipasuka saloni nzima, vya kwetu na vya kwao, kwa ajili ya mlango wa watu wawili na paka wao wasiotujua. Kisha batri ikaisha, na Mzee Katambwe akabaki anatazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi.

"Amefika kwenye wingu?" akauliza.

"Sherti tusharje batri, mzee. Kesho."

Alifikiri. Unaweza kusema alifikiria heshima ya ukoo wake, na neno alilolitamka mbele ya watu, na mbuzi. Mimi nilikuwa karibu naye, nilimwona anafikiria wingu. "Nimesoma ukuta vibaya," akatangaza akiinuka, "lakini nimeusoma kwa sauti, na maneno ya mzee hayarudi mdomoni bure. Huyu mutoto atatupatia faini jogoo mumoja. Na ukuta usifutwe. Siku ya harusi nataka wazee wangu wauone, niwaeleze mimi. Sasa inua mifuniko, nimesikia harufu ya kutosha." Akamgeukia Kito. "Na wewe futa uso, unaaibisha hospitali."

Walikula mpaka sombe ikaisha. Walilala kwa jirani ili kesho yake mashini ishibe jua, na harusi ikawa kabla ya mvua za mwaka ule, na vita, asante Mungu, havikufika Kindu. Riziki alirudi kwao baadaye, na mashini yake. Mchezo hatukuumaliza. Mzee Katambwe naye hakuumaliza, na kila mara Asha alipopiga simu alikuwa anachukua simu mkononi mwake na kuuliza kama yule mama ameshusha lile wingu. Nilikuwa namdanganya, kila mara kidogo, nikimwongezea vyumba. Wiki iliyopita nilikuwa nimeshamwandalia kimoja kizuri sana.

Lakini alasiri ile, wageni walipotoka kunawa na saloni ikabaki na mifupa na sinia, mama aliniita. Nilikwenda nimeshakaza mgongo tayari. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, kitenge cha dhahabu begani, amechoka mpaka kwenye vidole. Aliutazama mchoro mmoja baada ya mwingine, yote minane, kisha akanitazama mimi, na akasema hivi, sikuongeza neno:

"Watu wote Alunguli wanaogopa vita itafika hapa. Mimi tangu leo siogopi tena. Ifike. Itakukuta wewe mulangoni, Saidi, na itarudi kwao yenyewe."